Tathmini ya Land Cruiser pikapu ya mwaka 1996 inayouzwa kwa maelezo kwamba "haina kutu"

Katika yadi moja ya magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam inauzwa Land Cruiser pikapu aina ya HZJ75, ya mwaka 1996, yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Maneno "haina kutu" yamebandikwa kwenye kioo chake cha mbele kwa herufi kubwa kuliko bei yenyewe. Niliikagua kwa niaba ya ndugu yangu anayetafuta gari la kubebea mahindi na mbolea huko Mbozi, na tathmini hii inahusu zaidi maneno hayo kuliko injini. Injini ya aina hii mafundi wetu wanaijua vizuri, na ikichoka hufunguliwa au hununuliwa nyingine. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari lote, ikioza huondoka na gari zima.

Gari la chuma lililotembea karibu miaka 30 haliwezi kuwa halina kutu kabisa, na muuzaji anayesema hivyo anapaswa kuulizwa anamaanisha kutu ipi. Ipo ya juu juu, ile rangi ya kahawia inayotoka kwa brashi ya waya na kuacha chuma kikiwa na unene wake, ambayo kwa gari la umri huu ni jambo la kawaida na si sababu ya kuliacha. Ipo inayobanduka kwa matabaka kama maganda ya kitunguu, na kila tabaka linalodondoka ni chuma kilichopungua. Baada ya hapo hufuata tundu. Wakaguzi wa minada ya magari nchini Japani hutofautisha hali hizi kwa herufi: S kwa kutu, C kwa chuma kilicholiwa, na mnunuzi akisoma karatasi ya mnada huelewa mara moja kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Uingereza, ambako barabara hunyunyizwa chumvi wakati wa baridi, ukaguzi wa kila mwaka hutazama pia mahali: kutu iliyokithiri ndani ya sentimita 30 kutoka sehemu zinaposhikiliwa springi, usukani, breki au mikanda ya usalama huweza kulifanya gari lisipite ukaguzi huo. Nchini Marekani, Toyota ilipokubali mwaka 2016 kumaliza kesi ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikioza, kipimo kilichowekwa kilikuwa tundu la milimita 10 au zaidi. Kipimo hicho kinafaa kwa kampuni inayoamua ni chesisi zipi ibadilishe. Kwa mnunuzi kimechelewa mno, kwa sababu chuma kinachokaribia kutoboka kimekwisha kupoteza nguvu iliyokuwa ikibeba mzigo.

Kwa hiyo kipimo nilichotumia ni hiki: gari la zamani nitalikubali kuwa halina kutu endapo chuma cha sehemu zinazobeba mzigo ni kile kile cha kiwandani, kina unene wake wote, hakijawekwa viraka, na kinaweza kuonekana. Sharti hilo la mwisho nalitilia mkazo, kwa kuwa rangi mpya chini ya gari lililokwisha kutumika haithibitishi uzima wa chuma. Inazuia tu kukichunguza.

Muuzaji alinieleza kwa heshima, "Kaka, gari hili limeishi Dodoma maisha yake yote, bahari halijaiona." Maelezo hayo yana uzito, kwani magari ya bara kavu huzeeka vizuri kuliko yale ya Tanga, Bagamoyo au Unguja, ambako upepo wa bahari hupeleka chumvi hadi ndani ya milango. Hata hivyo, mkoa peke yake hautoshi. Gari lililobeba chumvi ya Uvinza limeishi bara lakini limeshinda na chumvi mgongoni, na gari la samaki, popote lilipo, huweza kudondosha maji ya barafu yenye chumvi juu ya chesisi safari baada ya safari. Kadi ya gari inaonyesha mmiliki, haionyeshi mzigo. Ndiyo maana nilianza na bodi ya mizigo, nikatazama kwenye kona na chini ya ukingo wa mlango wa nyuma, na nilichokikuta ni vumbi jekundu na punje za alizeti zilizokauka. Upande huo maneno ya muuzaji yanaaminika.

Chini ya gari ndipo kazi ilipo. Nusu ya mbele ya chesisi imefunikwa na oili ya zamani iliyochanganyika na vumbi, uchafu ambao wanunuzi wengi wangeuchukia na ambao mimi niliufurahia, kwa sababu unaonyesha kwamba hakuna aliyeipamba sehemu hiyo. Nilipoukwangua kwa bisibisi, chuma kilitokea kikiwa na rangi yake ya kiwandani, na nyundo ndogo ilitoa mlio mkali, wa wazi, kuanzia nyuma ya bampa hadi chini ya kebini. Chesisi ya gari hili ni sanduku lililofungwa pande zote, hivyo uzima wa nje hautoshi. Maji na matope huingia kupitia matundu ya ubavuni na kukaa ndani kwa miaka. Niliingiza kamera ya waya inayounganishwa na simu, nikaona vumbi lililoganda sakafuni na kutu nyembamba isiyo na matabaka. Mabomba ya breki yanayopita kando yake nayo ni mazima.

Nusu ya nyuma ni habari nyingine. Imepakwa rangi nyeusi nzito, mpya kiasi cha kunata kidoleni, kuanzia juu ya ekseli hadi mwisho. Niliomba ruhusa ya kuikwangua, na baada ya mashauriano marefu nikaruhusiwa sehemu moja tu, upande wa kushoto, pale springi ya nyuma inaposhikiliwa. Nyundo ilipogusa hapo mlio ulififia. Chini ya rangi kuna bamba lililolehemiwa juu ya bamba la asili, na ukingoni mwake, ambapo kulehemu hakukufika, kutu imevimba katikati ya vyuma viwili na kuanza kuvitenganisha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo kiraka kilichobandikwa bila kukata sehemu iliyooza huendelea kusukumwa kutoka ndani. Hapo ndipo gunia la mwisho linapolalia uzito wake kila gari linapoingia shimoni, na ndipo mahali pa kwanza ambapo mkaguzi makini angepakataa.

Kebini ina kasoro za kawaida za aina hii: kona mbili za chini za kioo cha mbele zimevimba chini ya mpira, na mfereji wa paa umejazwa puti upande wa dereva. Sumaku ilishika sehemu zote za milango, ishara kwamba chini ya rangi kuna chuma na si puti. Hayo ni kazi ya fundi bodi na hayamzuii mtu kusafiri.

Uamuzi wangu ni kwamba gari hili ni zuri na tangazo lake si la kweli. Ni adimu kukuta HZJ75 ya umri huu yenye chesisi ya mbele katika hali hii, na muuzaji angeweza kuliuza kwa fahari kwa kuandika ukweli: mbele na katikati ni zima, nyuma imekarabatiwa. Alichagua kuficha, na akatoza bei ya gari lisilo na kiraka. Nilimshauri ndugu yangu alinunue kwa masharti mawili: rangi yote ya nyuma iondolewe kabla ya malipo ili pande zote mbili zionekane, na gharama ya kukata sehemu iliyooza na kulehemu chuma kipya cha unene ule ule ipunguzwe kwenye bei. Yadi imekubali sharti la kwanza. La pili bado wanalijadili, na mpaka watakapolikubali, fedha haitoki Mbozi.