Ushauri wa vinasaba: maelezo safi, karatasi ya majibu ngumu
Tulikwenda kwa mshauri wa vinasaba mimi na kaka yangu, baada ya vipimo kuonyesha kuwa kalsiamu katika damu yake imepanda na daktari wake kushuku ugonjwa wa kurithi uitwao MEN1, unaosababisha uvimbe kwenye tezi kadhaa za mwili. Kinachostahili sifa ni ile saa nzima ya maelezo: mshauri alichora kromosomu mbili za namba 11, akafuta jeni ya MEN1 kwenye moja, akaeleza kwamba aliyerithi kasoro hiyo bado hulindwa na nakala nzima ya mzazi wa pili, hadi nayo iharibike ndani ya seli ya tezi paratiroidi (tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalsiamu), kongosho au pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo). Hapo protini ya menini, inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni hiyo, hukosekana, na kwa kuwa ndiyo inayochochea utengenezaji wa p18 na p27, protini zinazozuia seli kugawanyika ovyo, breki kadhaa hulegea kwa pamoja. (Kaka, ambaye ni fundi magari, alielewa kabla yangu.)

Udhaifu uko kwenye majibu. Tuliahidiwa wiki 4, yakaja baada ya 9, kurasa tatu za istilahi zisizofafanuliwa, ilhali jambo tulilolihitaji zaidi, kwamba kila mtoto wa kaka ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi kasoro hiyo, lilibanwa katika mstari mmoja chini kabisa.