Mapitio ya The Complete Psionics Handbook: Nguvu za Akili Zenye Gharama

Kitabu cha The Complete Psionics Handbook, kilichoandikwa na Steve Winter na kuchapishwa na kampuni ya TSR mwaka 1991, kinaeleza jinsi ya kuingiza nguvu za akili, kama vile kusoma mawazo ya wengine au kusogeza vitu bila kuvigusa, katika toleo la pili la mchezo wa Advanced Dungeons & Dragons. Nakala za karatasi siku hizi ni za kutafuta kwa wauza vitabu vikuukuu, lakini faili yake ya PDF bado inauzwa kwenye intaneti, na ndiyo niliyoisoma. Kwa asiyeujua mchezo huu, wachezaji hutunga wahusika wao, mwenzao mmoja huongoza simulizi, na pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu, kete hurushwa. Nilichotaka kukijua ni kama kitabu hiki kimeziacha nguvu za akili ziwe uchawi uliopewa jina jingine, au kimezifanya kuwa fani inayosimama kwa miguu yake.

Kwa sehemu kubwa kimezifanya fani, na kilicholeta tofauti hiyo ni gharama. Mchawi wa mchezo huu hudurusu kitabu chake na kukariri anachokusudia kukitumia. Akishakitumia, kimekwisha mpaka adurusu tena. Mtu wa nguvu za akili hana kitabu wala hategemei kitu chochote cha nje. Ana akiba ya alama, na kila nguvu anayoiita huchota humo: bei ya kuianzisha, kisha, kwa nguvu nyingi, bei nyingine ndogo kwa kila duru anayoiendeleza. Zaidi ya hayo, nguvu yenyewe inaweza kugoma. Kila moja ina kipimo kinachotokana na ubora fulani wa mhusika, ama hekima, ama akili, ama uimara wa mwili, na mchezaji hurusha kete ya nyuso 20 akiomba ishuke kwenye kipimo hicho au chini yake. Akikosa, nguvu haitokei na bado hutozwa sehemu ya bei. Ikitoka 20 kamili, jambo linaweza kumgeukia mwenyewe. Ndiyo maana mchezaji hujikuta anapiga hesabu kama mtu aliyebakiwa na maji ya dumu moja na safari haijafika nusu, na hesabu hiyo ndiyo inayomfanya aihisi fani hii badala ya kuisoma tu.

Urejeshaji wa akiba nao umefikiriwa vizuri. Aliyelala hurudishiwa alama haraka kuliko aliyeketi, aliyeketi haraka kuliko anayetembea, na anayefanya kazi ngumu hapati kitu. Kanuni hiyo fupi imetosha kuwafanya wachezaji wabishane kuhusu wapi pa kulala na nani alinde zamu, jambo ambalo katika michezo mingi hupitishwa kwa sentensi moja.

Nguvu zimegawanywa katika matawi sita: kutambua yaliyo mbali au yaliyofichika, kusogeza vitu bila kuvigusa, kuubadili mwili, kuhama kutoka mahali hadi mahali, kuingia katika mawazo ya wengine, na tawi la mwisho linalohusu nguvu zinazozitendea nguvu nyingine. Anayeanza huchagua tawi moja tu, na ndani yake hupewa nguvu kubwa moja na ndogo tatu. Ubanifu huo naupenda, kwa kuwa unamlazimisha mchezaji kuwa mtu wa namna fulani badala ya kuwa ghala la maajabu. Tawi la kubadili mwili ndilo lililoandikwa kwa uhai zaidi. Humo mna nguvu ndogo ya kugeuza mkono mmoja kuwa silaha, na mkono huo huwa mti au chuma kweli, kulingana na silaha iliyokusudiwa.

Nguvu hiyo ya mkono ndiyo inayonifanya niseme kwamba kitabu hiki hakipaswi kununuliwa peke yake. Mwaka huohuo wa 1991 TSR ilitoa kasha la mchezo huohuo liitwalo Dark Sun, kazi ya Timothy B. Brown na Troy Denning ikiwa na michoro ya Brom, na ndani yake kuna Athas, ulimwengu wa jangwa ambamo chuma ni adimu. Katika ulimwengu wa kawaida wa mchezo, mkono unaogeuka upanga ni kioja cha kufurahisha. Katika uwanja wa mapigano wa mji wa Tyr, huko Athas, ni mali. Athas ina sababu nyingine, nzito zaidi, ya kuipa fani hii nafasi. Uchawi huko hunyonya uhai wa mimea, na ndio ulioigeuza nchi kuwa vumbi, hivyo wachawi huchukiwa na hujificha. Nguvu za akili hutoka ndani ya mtu na haziikaushi ardhi, kwa hiyo hufundishwa hadharani na huitwa Njia. Mambo ambayo kitabu cha Winter kinayaeleza kama kanuni, Athas inayapa shule, heshima na siasa.

Sehemu iliyonichosha ni mapambano ya akili kwa akili. Kuna mbinu tano za kushambulia na tano za kujikinga. Kila upande huchagua yake, jedwali hutazamwa ili kuona ipi inaifaa ipi, kisha kete hurushwa, na mara nyingi kinachopatikana ni hatua moja tu ya kuifikia akili ya adui. Kwenye karatasi ni jambo la kuvutia. Mezani, watu wawili wanashughulika na jedwali huku wengine wakichezea simu. Kiongozi wa mchezo mwenye busara atayatumia mapambano hayo kwa nadra, pengine kwa adui mmoja mkuu, na kwingineko ataamua kwa urushaji mmoja wa kete.

Vipaji vya kubahatisha navyo vina walakini. Kanuni inaruhusu mhusika asiye wa fani hii kuzaliwa na nguvu inayopatikana kwa kete, na katika Athas kila mhusika wa mchezaji anayo. Tatizo ni kwamba kete haina adabu: mmoja anapata kipaji asichokuwa na matumizi nacho, jirani yake anaibuka na nguvu ya kuyeyusha adui mzima, ambayo aliyeisomea fani tangu mwanzo hana alama za kuilipia. Kwangu ningewaruhusu wachezaji warushe kete mara mbili na kuchagua, na nguvu za maangamizi ningeziondoa kabisa kwenye orodha.

Lugha ya kitabu ni nyepesi, ingawa maelezo ya nguvu yanajirudia rudia na faharasa ingestahili kuwa bora. Anayekitaka kwa ajili ya toleo la tano la mchezo ajue kwamba kila bei na kila kipimo atavibadilisha kwa mkono, kuanzia kete yenyewe, ambayo huko husifiwa ikipanda na hapa hutakiwa ishuke.