Longlegs: picha inayotisha mpaka inapoanza kujieleza

Mpwa wangu ndiye aliyenisifia hii kuwa picha ya kutisha kuliko zote za mwaka 2024. Sikumjali, maana kwake kila mwezi una picha ya kutisha kuliko zote. Alipoongeza kwamba ni msako wa muuaji aliyemaliza familia baada ya familia kwa miaka thelathini bila kushikwa, nikamwambia ailete. Nimezaliwa kambi ya polisi Naguru, Kampala, nikastaafu nikiwa CID, yaani mpelelezi wa polisi. Picha za wapelelezi nazitazama kama fundi cherehani anavyotazama pindo la gauni lililoshonwa na mwenzake.

Kwanza niseme habari ya nakala. Kijana alijaziwa kwenye flashi huko Wandegeya, na kama ilivyo kawaida ya Kampala akapewa yenye VJ. Kwa msomaji wa mbali: VJ ni mtu anayetafsiri picha kwa Kiluganda huku akichomekea ya kwake juu ya sauti za waigizaji. Ni watu wanaopendwa, na vibanda vya video visingejaa bila wao. Kwenye picha ya ngumi na risasi sina ugomvi nao kabisa. Huyu aliwaita maafisa wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, "vijana wa Kibuli", nikacheka mpaka machozi yakanitoka, maana Kibuli, makao ya CID yetu, napajua.

Lakini picha hii inaishi kwa ukimya. Inaanza na nyumba kwenye theluji, gari linafika, mtoto wa kike anatoka na kamera yake. Sehemu hiyo imepigwa kwa umbo la mraba lenye kona za mviringo, kwa hiyo unaona kidogo tu. Mtu aliyejipaka weupe usoni anamkaribia mtoto, na kamera inamkata juu ya mdomo. Mtoto anamwona mzima. Sisi tunaona kidevu na nguo. Hapo hapo VJ akaanza kuuliza kama mzee amekuja kudai kodi ya nyumba. Nikazima. "Senga (shangazi), mbona?" kijana akalalamika. Nikamrudisha Wandegeya akachukue isiyotafsiriwa.

Maika Monroe anaigiza Lee Harker, afisa mgeni wa FBI huko Oregon, miaka ya tisini. Picha ya Clinton iko ukutani ofisini. Ni msichana asiyeongea sana na asiyejua kukaa na watu. Andres Arochi, mpiga picha, anamweka katikati kisha anakuachia nyuma yake mlango wazi, dirisha, korido yenye giza. Mara nyingi hapatokei kitu. Nilimaliza nusu ya kwanza bila kumtazama Harker vizuri, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yanakagua pembe za chumba. Kuna usiku yuko peke yake kwenye nyumba ya mbao, amekaa sakafuni na picha za marehemu zimemzunguka, na mlango unagongwa. Ile hali ya kuleta faili nyumbani na kulitandaza chini kwa sababu meza haitoshi, sijaiona ikionyeshwa kwa ukweli hivyo.

Kesi yenyewe ni ya kumtoa mpelelezi mate. Baba anaua mke na watoto, kisha anajiua. Hakuna mlango uliovunjwa, hakuna alama ya mtu wa nje. Lakini kila nyumba imeachwa barua ya maandishi ya fumbo, imesainiwa Longlegs, na mwandiko si wa yeyote aliyeishi pale. Na kila familia ina binti aliyezaliwa tarehe 14. Muuaji asiyekuwepo eneo la tukio! Alifanyaje? Nilisogeza kiti.

Kuanzia hapa nitagusa yanayotokea mbele, ingawa la mwisho kabisa sitalitaja.

Jibu ni shetani. Shetani, na midoli yenye kitu ndani ya kichwa. Halipatikani kwa kazi, linasimuliwa: mtu mmoja anachukua dakika nzima nzima kutueleza kila kitu kilivyokuwa, hatua kwa hatua, wakati picha tayari ilikuwa imetufanya tuogope vya kutosha bila kuelezwa. Maandishi ya fumbo yaliyowashinda watu miaka yote Harker anayafungua usiku mmoja. Mengine anayahisi tu.

Mtazamaji wa Marekani pengine aliona jambo geni la kusisimua. Mimi niliona maelezo niliyoyazoea. Mwaka 2017, hapa kwetu Uganda, miili ya wanawake wapatao 20 ilipookotwa Nansana na upande wa Entebbe, habari za kafara na utajiri zilisikika mitaani hadi bungeni. Ukishasema shetani, hakuna tena haja ya kumuuliza mtu alikuwa wapi saa tatu usiku. Kwa hiyo picha ya upelelezi inapomaliza kwa njia hiyo, mimi nasikia faili likifungwa.

Na hicho chumba cha mahojiano! Mtuhumiwa amekamatwa kwa msaada wa picha aliyoitoa Harker mwenyewe, aliyoipiga utotoni. Hapo Harker ni shahidi. Shahidi hawekwi peke yake mezani na mtuhumiwa, hata kama afande mkubwa amekasirika, hata kama mtuhumiwa hataki kuongea na mwingine. Kinachotokea mle ndani kinatisha kweli, sikatai, lakini nusu ya akili yangu ilikuwa inauliza nani ametia saini ruhusa.

Sasa Nicolas Cage, ndiye Longlegs mwenyewe. Walioitangaza picha walificha uso wake, na kwenye tangazo moja wakatumia mapigo ya moyo wa Monroe yaliyorekodiwa siku alipomwona kwa mara ya kwanza akiwa amevaa sura ile: yalipanda hadi 170 kwa dakika. Anaonekana kidogo, anaimba, anapiga kelele akiwa peke yake ndani ya gari. Wengine wamesema amezidisha. Kwangu sehemu yake bora ni fupi sana: anaingia dukani, anaanza vituko vyake mbele ya binti aliyekaa kaunta, na yule binti haogopi. Amemchoka tu. Anamwita baba yake kwa sauti ya kuchoka kwamba yule jamaa wa kuchukiza amerudi. Binti huyo ni mtoto wa mwongozaji, Osgood Perkins, ambaye baba yake, Anthony Perkins, ndiye aliyeigiza Norman Bates kwenye Psycho ya mwaka 1960. Familia hii ina mkono na wauaji. Na hapo dukani wamepatia: watu wabaya niliowahi kukaa nao meza moja, wengi majirani walikuwa wanawajua na wamewachoka, na hakuna aliyedhani ni jambo la kupeleka kituoni.

Inasemekana imetengenezwa kwa chini ya dola milioni 10 na ikaingiza zaidi ya milioni 100, na pesa nyingi hizo zimeletwa na hofu ya kile kisichoonyeshwa. Ningewapa nyota nne kwa nusu ya kwanza, mbili kwa ya pili, na ile ya duka peke yake tano.

Ukienda kujaziwa, omba isiyotafsiriwa, dakika 101, na uvae visikilizi. Cage akiongea huenda usielewe maneno yote. Kiingereza chako hakina kosa, ndivyo alivyoamua kuongea. Watoto walale kwanza.