RTX 3090, RTX 3090 Ti au RTX 4090: Ipi Inafaa Kuwekwa Mbili Katika Kompyuta Moja?

Karibuni, watazamaji. Mbele yangu zipo kadi tatu za michoro ambazo kwenye karatasi zinakaribiana mno: GeForce RTX 3090 iliyotoka Septemba 2020, RTX 3090 Ti iliyotoka Machi 2022, na RTX 4090 iliyotoka Oktoba mwaka huohuo. Zote tatu zina kumbukumbu ya gigabaiti 24. Sitauliza ipi ina nguvu zaidi, maana hilo linajulikana. Ninachotaka tukitazame leo ni ipi ununue mbili, uziweke ndani ya kasha moja, na zifanye kazi kutwa nzima bila kuchomana.

Kama unataka kadi mbili kwa ajili ya michezo, nakushauri uishie hapa na ubaki na moja. Mfumo wa SLI, uliokuwa ukigawa fremu za mchezo kati ya kadi mbili, uliachwa polepole hadi Nvidia, kampuni inayotengeneza chipu za kadi hizi, ikasitisha kuongeza michezo mipya kwenye draiva zake kuanzia Januari 2021. Tangu hapo kadi ya pili hubaki bila kazi isipokuwa waundaji wa mchezo wenyewe wameiandalia nafasi, na wanaofanya hivyo ni wachache. Uchambuzi huu unawahusu wanaoendesha modeli za lugha, yaani programu za akili bandia zinazoandika majibu, kwenye kompyuta zao na wanaotengeneza picha za pande tatu (3D) kwa programu kama Blender.

Tuanze na modeli za lugha. Modeli yenye vigezo bilioni 70, yaani namba ilizojifunza, kila kimoja kikibanwa hadi biti 4, huhitaji takriban gigabaiti 40, na hizo haziingii kwenye kadi moja kati ya hizi tatu. Ukiweka mbili, programu hugawa tabaka za modeli, nusu huku na nusu kule. Nasisitiza kwamba ni programu ndiyo inayogawa, kwa sababu wengi hudhani kompyuta itaziona gigabaiti 48 kama ghala moja, na sivyo ilivyo. Modeli inapoandika jibu, kinachoamua kasi yake hasa ni jinsi kadi inavyoweza kusoma kumbukumbu yake haraka, wala si wingi wa viini vya kukokotoa. RTX 3090 husoma gigabaiti 936 kwa sekunde, ilhali 3090 Ti na 4090 zote husoma 1008. Tofauti hiyo haifiki hata asilimia 8. Ni kweli kwamba 4090 itaipita 3090 kwa mbali wakati wa kusoma swali refu uliloliandika, kwa kuwa hapo ukokotoaji ndio unaotawala, lakini jibu lenyewe litatoka kwa mwendo unaokaribiana.

Kwenye Blender mambo hugeuka kabisa. Huko 4090 moja hufanya kazi ya takriban 3090 mbili, na kwa hiyo, kama mandhari yako yanaenea ndani ya gigabaiti 24, kununua 3090 mbili ni kujitafutia joto na nyaya bila sababu. Nunua 4090 moja. Yasipoenea, 3090 inayo nafasi ya daraja la NVLink, yaani kiungo cha kuunganisha kadi mbili moja kwa moja, na Cycles, injini ya Blender ya kutengeneza picha, inaweza kulitumia daraja hilo ili kadi mbili zichangie kumbukumbu. 3090 Ti nayo inayo. 4090 haina, na kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa kwa kadi ya hadhi yake.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo majedwali ya takwimu hayalisemi. Nikiigeuza hii 3090 na kuwaonyesha mgongo wake, chini ya bamba hili la chuma zipo chipu 12 za kumbukumbu, na upande wa mbele zipo nyingine 12, kila moja ya gigabaiti 1. Zile za mbele zimegusana na kipoza joto kikuu, lakini hizi za mgongoni hutegemea bamba hili pekee. Katika kasha la kawaida kadi hulala mgongo ukiwa juu na feni zikitazama chini, maana yake feni za kadi ya juu zitavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na mgongo wa kadi ya chini. Ndiyo sababu kadi ya juu huwa na joto zaidi karibu kila mara, hata kama zote mbili zimetoka kiwanda kimoja. Kwenye 3090 Ti na 4090 chipu ni 12 za gigabaiti 2, na zote ziko mbele. Mgongo wake hauchemki kiasi hicho.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha chochote kingine, chukua rula. Kutoka sloti moja, yaani nafasi ya kuchomekea kadi, hadi inayofuata ni milimita 20 na kidogo, na 4090 nyingi hufunika sloti tatu na nusu au hata nne, kiasi kwamba kwenye mbao mama nyingi kadi ya pili haina pa kuingia. Zipo 3090 chache zenye unene wa sloti mbili, ambazo feni yake moja husukuma hewa ya moto nje ya kasha kupitia nyuma. Zina kelele, sitaficha hilo, lakini kwa kadi mbili zinazopakana sijaona umbo linalofaa kuliko hilo. Angalia pia kama ubao mama wako unagawa njia za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na prosesa, nane kwa nane kati ya sloti mbili; kwa kugawa tabaka za modeli hata njia nne zinatosha baada ya modeli kupakiwa, lakini programu inayogawa kila hesabu kati ya kadi mbili itazidiwa haraka.

Kuhusu umeme, 3090 hula wati 350, na hizo nyingine mbili hula 450 kila moja. Mbili za 450 ni wati 900 kabla hujahesabu prosesa, na hapo ningetafuta pawasaplai ya wati 1600. Kwa 3090 mbili, ukishusha kikomo cha kila moja hadi wati 280 kwa nvidia-smi, amri inayokuja na draiva za Nvidia, utapoteza sehemu ndogo tu ya kasi, na pawasaplai nzuri ya wati 1200 itakutosha.

Kwa modeli za lugha, basi, mimi ningechukua 3090 mbili nyembamba za aina moja. 3090 Ti ningeichukua tu kama ningeipata kwa bei sawa na 3090, kisha nikaipunguzia umeme. Na kwa kuwa 3090 nyingi zinazouzwa leo zimekwisha kutumika, omba kuiona ikifanya kazi nzito kwa angalau nusu saa huku ukisoma joto la kumbukumbu, si la chipu kuu peke yake: ikikaribia nyuzi 110 itaanza kujipunguzia mwendo, na kadi inayofika huko ikiwa peke yake, ndani ya kasha lililo wazi, itahitaji kubadilishiwa pedi za kupitisha joto kabla haijawekewa jirani.