Bati la kununua ukijenga karibu na bahari: anza na karatasi ya waranti

Mkaguzi alipanda ngazi nyumbani kwetu Raskazoni, Tanga, akapitisha kidole chini ya ncha ya bati, pale linapotokeza nje ya ukuta, kisha akakionja. "Chumvi," akasema. Akatuuliza mara ya mwisho tuliosha lini sehemu ile. Hatukuwahi kuiosha. Bati lilikuwa na miaka 6, waranti ya miaka 15, na kutu imeshakula ncha yote ya upande wa baharini. Dai letu likakataliwa. Niliporudi kuisoma karatasi nikakuta imeandikwa wazi: sehemu zisizofikiwa na mvua zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila miezi 6.

Kwa hiyo hapa chini sikupanga mabati kwa bei wala kwa wingi wa miaka iliyoandikwa kwenye tangazo. Nimeyapanga kwa swali moja: ni lipi ambalo waranti yake unaweza kuitunza mpaka siku utakapoihitaji?

Huku pwani tuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na wengi wetu tunadhani mvua ndiyo adui wa bati. Kumbe mgongo wa bati huoshwa na mvua hiyohiyo. Panapoumia ni pale isipofika: chini ya ncha, nyuma ya fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), na mabati ya ukutani yaliyofunikwa na paa. Upepo hubandika chumvi hapo, unyevu wa usiku unailainisha, na hakuna maji ya kuiondoa. Pengine pa hatari ni kwenye majani ya mwembe yaliyolala juu ya bati au ndani ya gata. Yanakaa mabichi wiki nzima kama kitambaa kilicholowa, na waranti nyingi hazilipi kutu iliyoota chini ya uchafu.

Namba moja kwangu ni bati la alumini. Halina chuma, basi kutu nyekundu haina pa kuanzia. Bei yake inauma, tena ni laini: fundi akikanyaga katikati badala ya kwenye mstari wa papi, yaani mbao zinazobeba bati, linabonyea. Lisiguse saruji mbichi wala shaba. Ncha zake nazo zioshwe, maana chumvi hulitoboa vidoa vidogo vyeupe. Kama kutoka barazani unaona mawimbi, jibane ununue hili.

Namba mbili ni bati la rangi lenye msingi wa aluzinki, na kwa nyumba nyingi za pwani ndilo ningelichagua. Aluzinki ni mchanganyiko unaofunika bati la chuma: alumini asilimia 55, zinki takriban 43, na silikoni kidogo. Ulizia AZ150, yaani gramu 150 za mchanganyiko huo kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Chukua geji 28, ambayo inakaribia milimita 0.4, geji 30 ni jembamba zaidi, ingawa namba yake ni kubwa.

Bati hili mara nyingi hupoteza waranti siku linapoezekwa. Fundi akilikata kwa grenda, moto unaunguza rangi na aluzinki kwenye ukingo, na vumbi la chuma linaruka na kunasa juu ya bati. Mvua ya kwanza ikipita utaona vitone vya rangi ya chai vimetapakaa paa zima. Mkaguzi akiviona hahitaji kuuliza kitu. Likatwe kwa mkasi wa bati na chenga zifagiliwe jioni ileile. Penseli ya kawaida isitumike kuchora mstari, kwa sababu grafiti yake, ule unga mweusi, huanzisha kutu. Tumia kalamu ya wino. Mbao za dawa zile za kijani zina shaba ndani yake, kwa hiyo zikauke kabisa kabla bati halijalala juu yake, na fundi aweke kitu cha kuzitenganisha.

Namba tatu ni bati la mfano wa vigae lililopakwa changarawe. Linapendeza, kelele zake za mvua ni ndogo, na utakuta waranti ya hata miaka 50. Msingi wake mara nyingi ni aluzinki ileile. Nimelishusha kwa sababu ya matunzo: penye kivuli na unyevu linaota ukoga, na ukoga huo hauondoki kwa maji ya presha bila kung'oa changarawe. Inabidi mtu apande na brashi laini, akanyage anapojua. Changarawe chache kwenye gata miezi ya mwanzo ni kawaida.

Aluzinki tupu isiyo na rangi ni namba nne. Inafaa kwa banda au stoo, mradi uwe umehakikisha AZ yake. La mwisho ni bati la chuma lililofunikwa kwa zinki tupu. Chumvi huimaliza zinki haraka, na mara nyingi linauzwa bila waranti yoyote. Ikiwa mfuko umefika hapo, nunua geji nene na ulipake rangi mapema. Lakini usiweke gata la zinki chini ya paa la aluzinki, maji yake yatalila. Weka la plastiki.

Kabla ya kulipa, omba karatasi yenyewe ya waranti. Tafuta kipengele cha umbali kutoka baharini, kisha upime kiwanja chako kwa ramani ya simu. Uliza kama malipo yanapungua kadiri miaka inavyokwenda: kwa mpango huo, waranti ya miaka 20 bati likiharibika mwaka wa 15 itakupa robo tu ya bei, na ufundi huenda ukajilipia mwenyewe. Piga picha maandishi yaliyochapwa kwenye bati, uiweke picha hiyo pamoja na risiti.

Sisi sasa tunaosha mwisho wa Februari na mwisho wa Agosti. Sabuni laini, brashi ya nyuzi laini, bila jiki, na maji ya bomba au ya mvua. Kisima chetu kina chumvi, tungekuwa tunapaka tulichotaka kukiondoa. Bomba la kwenda kwenye simtangi tunalichomoa kwanza, maji ya sabuni yasiingie. Mwanangu anapiga picha za ncha kabla na baada, na tarehe tunaiandika kwenye daftari linalokaa na karatasi ya waranti.