Roglaiki za Kuvumbua Ramani: Ipi Uanze Nayo, Ipi Uilipie

Roglaiki ni mchezo wa kompyuta unaofuata nyayo za Rogue, uliotoka mwaka 1980. Ramani huchorwa upya kila unapoanza, adui hasogei mpaka wewe usogee, na ukifa unarudi sifuri. Kwa mchezaji wa Nairobi aina hii inafaa kuliko nyingi. Haidai kadi ya picha, kwa hiyo laptopu ya ex-UK ya Core i5 yenye RAM ya GB 8 inaimudu vizuri. Ukishaipakua haikuombi data. Tena inakungoja: matatu ikikwama Thika Road unacheza, ikifika steji unaifunga, jioni unaendelea ulipoachia. Hapa tumezipanga kwa kuangalia uvumbuzi wenyewe: je, kwenda usikokujua kunaleta jambo jipya, au ni korido zilezile zilizogeuzwa?

Ya kwanza: Shattered Pixel Dungeon. Kwenye Android ni bure, haina matangazo, na haifikishi MB 100. Kwenye iPhone na Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, inalipiwa. Unashuka shimo lenye maeneo matano ya ghorofa tano tano, na kila ghorofa ya tano ina bosi wake, yaani adui mkuu.

Nguvu yake kubwa ni vitu usivyovijua. Kuna aina 12 za dawa na aina 12 za hati za kichawi, na rangi na alama zake hubadilishwa kila mchezo mpya. Wanaoanza hufia hapa, kwa kunywa chupa wasiyoijua katikati ya vita. Ijaribu ukiwa na afya kamili, adui hayupo, umesimama karibu na maji na mbali na nyasi ndefu. Ikiwa ni moto, maji hayashiki na nyasi hazitakuzingira. Ikiwa ni gesi ya sumu, toka chumbani haraka mlango ujifunge nyuma yako. Hati nayo isome pasipo adui. Ile uliyookota mara nyingi zaidi huenda ndiyo ya kuboresha silaha, na maboresho hayo yaweke yote kwenye kifaa kimoja. Kuyagawa kidogo upanga, kidogo pete, kidogo fimbo ndiyo sababu wengi wanafika ghorofa ya 12 wakiwa dhaifu.

Goo, bosi wa ghorofa ya 5, hujiponya akiwa ndani ya maji, basi mvute nchi kavu. Ukimwona anajivimbisha, usipige. Rudi nyuma hatua kadhaa, pigo lake likose. Njaa nayo huja baada ya zamu 300, na kufikia 450 unaanza kupoteza afya. Chakula kinatosha mradi usizurure ghorofa uliyokwisha kuimaliza.

Udhaifu: maeneo ni yaleyale matano kwa mpangilio uleule, na kwenye simu ndogo kidole hugusa mraba usioutaka. Vuta picha iwe kubwa kabla ya kupigana.

Ya pili: Caves of Qud. Huu ndio mchezo bora kuliko yote hapa. Umekuwa wa pili kwa sababu ya bei na ugumu tu. Freehold Games waliutoa kamili Desemba 2024, na bei yake ya kawaida ni dola 30, karibu shilingi 3,900. Ulimwengu wake ni wa zama za mbali zijazo, na sarafu yake ni maji safi. Unayanywa, unayalipa, na yana uzito, kwa hiyo utajiri unakulemea mgongoni. Kila kiumbe mwenye jina unaweza kufanya naye ibada ya maji, na baada yake kabila lake linakupenda huku maadui zake wakikuchukia. Hakuna mchezo mwingine kwenye orodha hii ambao safari inakubadilishia majirani namna hiyo.

Usianze na hali ya kifo cha kudumu. Chagua ile ya kuigiza, inayohifadhi mchezo kwenye makazi, au ile ya kutangatanga, ambayo viumbe wengi hawakushambulii na alama za uzoefu unazipata kwa kugundua maeneo. Anzia Joppa, fanya kazi ndogo za kijiji, usiharakishe kwenda mbali. Kwenye ramani kubwa unaweza kupotea njia kabisa.

Tatizo la kibodi: laptopu nyingi za inchi 14 hazina vitufe vya namba pembeni, na kwenda mshazari kunakuwa kero. Nunua kibodi ndogo ya namba ya USB au upange vitufe upya kwenye mipangilio. Pia kuna maandishi mengi ya Kiingereza kizito. Asiyependa kusoma asilipe.

Ya tatu: Dungeon Crawl Stone Soup. Bure kwenye kompyuta. Kitufe cha `o` kinakuvumbulia ghorofa chenyewe, Tab kinapigana, 5 kinapumzisha. Anza na mhusika wa aina ya Minotaur anayemwabudu Trog, mmoja wa miungu ya mchezo huo. Ni mchezo wa haki, kila kifo kina sababu unayoweza kuisoma, lakini uvumbuzi wenyewe umeachiwa kitufe kimoja.

Ya nne: Curious Expedition. Mwaka 2016, dola 15. Unaongoza misafara sita ya karne ya 19. Kila hatua inakula utulivu wa akili, msituni na vilimani zaidi, na unaurudisha kwa chokoleti, wiski au kulala kijijini. Ukiisha, balaa zinaanza. Hesabu hii ya akiba ni nzuri sana: kila mara unajiuliza kama utabaki na akiba ya kurudia. Vita vya dadu ndivyo vinavyoharibu, maana bahati mbaya moja inafuta mipango ya saa nzima.

Kuna jambo zito zaidi. Unaweza kumchagua Richard Burton, mvumbuzi Mwingereza aliyetoka Zanzibar mwaka 1857 kwenda bara, lakini Sidi Mubarak Bombay na wenzake waliobeba na kuongoza safari ile hawana sauti humo. Hazina ya madhabahu unaiuza au unaipa jumba la makumbusho upate sifa. Mchezo unakuadhibu ukipora, kwa majanga na kwa chuki ya wenyeji, ila mshindi bado ni aliyeleta vingi. Ingojee punguzo.

Kulipa. Bei za Steam kwetu ni za dola. Kadi ya M-Pesa GlobalPay inafanya kazi. Acha salio la ziada kwa gharama ya kubadilisha fedha. Punguzo kubwa huja katikati ya mwaka na Desemba. Pesa zinarudishwa ukiomba ndani ya siku 14 na hujapita saa mbili za kucheza, na muda wa kuunda mhusika unahesabiwa. Kwa Qud usitumie saa nzima kuchagua mabadiliko ya mwili wa mhusika wako. Ingia Joppa upesi ujue kama inakufaa. Fungua mchezo mara moja ukiwa na intaneti kabla ya kuwasha hali ya nje ya mtandao, na betri ikiwa mbovu hifadhi na utoke mwenyewe, usingoje stima ipotee.