Selemani Selemani ndiye nani? Uzoefu wangu na mti wa ukoo wa mtandaoni

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haibonyezeki. Jina la huduma silitaji.

Ukifungua ukurasa wa mtu kwenye mti wako, pembeni kuna kitufe cha kutafuta kumbukumbu za kale. Kiache. Kinazoa kila ulichoandika kuhusu mtu huyo, majina, mwaka, mahali, wazazi, mwenzi wake, kinakimimina kwenye fomu ya utafutaji, na jina la mwisho kinalihesabu kuwa la ukoo. Sasa kwa watu wa Pwani jina la mwisho mara nyingi ni la babu. Mfano kwenye mti wangu, Mwanaidi Athumani Selemani: yeye, baba, babu. Mti unampa baba jina Athumani Selemani (hapo umebahatisha), unapanda kwa babu, unamwandika Selemani Selemani. Mzee wa watu ni Selemani bin Pazi! Hiyo "bin" nayo wanaigeuza jina la kati. Matokeo yake unaletewa akina Suleiman wa Beirut na Istanbul, kila mmoja na alama ya "huenda ni ndugu yako". Ndugu yangu kwa lipi?

Niliwaandikia huduma kwa wateja, kitambo kidogo. Wakajibu niingize jina sahihi la ukoo, na wanawake niwaandike kwa majina yao ya kabla ya kuolewa. Kabla ya kuolewa! Mwanaidi aliolewa, akabaki binti Athumani mpaka kaburini. Nikafafanua upya. Jibu likarudi lile lile, nukta kwa nukta, na chini wananiomba niwape maksi. Nikawapa.

Kinachoharibu mti hasa ni ukurasa wa kukubali kumbukumbu. Visanduku vyote vimeshatiwa tiki: jina, tarehe, mahali, wazazi. Ukikubali kwa haraka, tahajia yako inafutwa na anazaliwa baba wa pili kando ya yule wa kwanza. Toa tiki zote, rudisha moja moja baada ya kusoma picha ya daftari lenyewe, maana faharasa, ile orodha ya majina ya kutafutia, imeandikwa na mtu asiyejua Kiswahili. Na kabla ya hapo pakua faili la GEDCOM, yaani nakala ya mti wako; picha kwa kawaida halibebi, zihifadhi kando.

Fomu tupu, ile ya kujaza mwenyewe, ni mambo mengine kabisa, lazima niseme. Weka jina la mtu kwenye kisanduku cha kwanza na la baba yake kwenye kisanduku cha ukoo. Ukikosa, acha cha ukoo kitupu na baba umpeleke kwenye sehemu ya mzazi. Usibane tahajia. Kinyota husimama badala ya herufi kadhaa, alama ya kuuliza badala ya moja: S*l*man* itakamata Selemani, Sulemani, hata Suleiman. Athumani na Othman watafute mara mbili. Mwaka upe nafasi ya miaka 10 mbele na 10 nyuma, na kama tarehe ilitoka kwa wazee kwa Hijria usiihamishe kichwakichwa: mwaka 1340 ulianza Septemba 1921 ukaishia Agosti 1922.

Mahali ndipo wengi wanapokwama. Ukiandika Temeke, Tanzania, kwa mtu wa enzi za Mjerumani, hupati kitu. Tanzania imekuja 1964. Jaribu Deutsch-Ostafrika, jina la koloni kwa Kijerumani, kisha Tanganyika. Na Mjerumani aliandika kwa sikio lake: Uzaramo kwake ni Usaramo, Songea ni Ssongea, Juma anaweza kuwa Dschuma. Madaftari ya ubatizo ya Wakatoliki yana Kilatini, kwa hiyo jina la ubatizo litafute hivyo hivyo, Josephus, si Yusufu. Asiyebatizwa hana mstari wake humo, usipoteze vocha. Na mafaili ya Nyaraka za Taifa pale Upanga, yale ya Mjerumani yenye herufi G mbele ya namba, yanaombwa kwa namba ya faili mezani. Kuandika jina la babu kwenye simu hakutayaleta.

Kwa fomu hiyo tupu nimeona picha za madaftari safi kiasi kwamba wino unaonekana ulipokolea. Hapo nyota zikawa mbili. Nusura tatu, kusema kweli, maana ukikuza picha haivunjiki hata kwa simu ya kawaida.

Halafu nikapakia upya faili langu la GEDCOM, lililosafishwa, bin zote mahali pake. Nimefungua kuhakiki kabla ya kuandika haya. Selemani Selemani amerudi, na safari hii wamemwoza: mkewe ameandikwa Bi. Selemani.

Nyota moja.